Mzee akisema meno yake hayana shida, tusiishie hapo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wazee tunalifunika kwa kiganja au kwa upindo wa khanga kila tunapocheka, nalo ni hali ya meno yetu na namna tunavyojiona tunapotazama kioo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule za msingi, nilistaafu mwaka 2017 nilipotimiza miaka 60, na ninaishi Usa River wilayani Arumeru pamoja na mama yangu mzazi ambaye sasa ana miaka 88. Ninaandika kwa sababu ya neno moja alilolisema mama mbele ya muuguzi, neno ambalo tangu siku ile nimelisikia kwa wazee wengi na ambalo mimi mwenyewe, nikijichunguza, nimekuwa nikilisema.

Nilikuwa nimempeleka mama kwenye kituo cha afya kupimwa shinikizo la damu, kama tufanyavyo kila mwezi. Muuguzi, binti mpole na mwenye adabu, alimwuliza maswali kadhaa yaliyokuwa kwenye fomu yake, na mojawapo lilikuwa iwapo ana tatizo lolote la kinywa au meno. Mama akajibu, "Sina, mwanangu, namshukuru Mungu." Muuguzi akaandika kwamba hana, tukapewa dawa, tukaondoka. Wakati huo mama alikuwa amebakiwa na meno matano, mawili yakicheza kila alipoyagusa kwa ulimi, na kwa muda wa karibu miaka miwili alikuwa anakula makande kwa kunywa mchuzi wake tu na kuwaachia wajukuu mahindi na maharage. Nyama alikwisha kuiaga zamani. Muwa, ambao aliupenda tangu utoto wake, alikuwa akiwatazama watoto wakiutafuna.

Hakumdanganya muuguzi, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilipomwuliza nyumbani kwa nini hakuyataja meno yanayocheza, alinishangaa, akaniambia kwamba hayamuumi. Kwake yeye tatizo la meno ni maumivu, yale ya kukesha umeshika shavu na kuweka karafuu kwenye tundu la jino hadi asubuhi, na maumivu hayo yana dawa moja anayoijua tangu ujana wake, yaani kung'oa. Kila jino lililong'olewa liliondoka na maumivu yake, kwa hiyo kila pengo kinywani mwake ni tatizo ambalo kwa hesabu yake lilikwisha. Ukiifuata hesabu hiyo hadi mwisho, mtu asiye na jino hata moja ndiye mwenye kinywa chenye afya kuliko wote, na mama alikuwa amebakiza matano tu afike huko.

Baada ya siku ile nimekuwa nikiwauliza wenzangu, baada ya ibada, kwenye vikao vya wastaafu, hata kwenye foleni ya benki. Majibu yanafanana kana kwamba tulikaa tukayapanga. Mmoja anasema hayamsumbui. Mwingine anasema amekwisha kula chumvi nyingi, meno yabaki ya nini tena? Wa tatu anakutajia jirani yake asiye na jino hata moja, kisha anajilinganisha naye na kuona kwamba yeye ana neema. Sikumpata hata mmoja aliyeniambia kwamba kinywa chake ni kibaya, wakati nilikuwa nikiwatazama wanavyokwepa mkate mkavu wa chai na kuchovya andazi hadi linamomonyoka kikombeni.

Sisemi haya kuwabeza. Kuna busara katika kuridhika, na mzee anayeanza kila siku kwa kuhesabu alichopoteza hawezi kuishi vizuri. Lakini kuridhika kwetu kumejengwa juu ya jambo lisilo kweli, kwamba meno hutoka kwa sababu ya umri kama nywele zinavyoota mvi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba, kwa wastani wa dunia nzima, watu waliopoteza meno yote ni asilimia 23 ya wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Maana yake ni kwamba katika kila wazee wanne, watatu hivi wangali na meno, ama mengi ama machache. Kama ni umri peke yake unaoyang'oa, basi hao watatu umri umewasahau. Uzee unasingiziwa mengi, na hili ni mojawapo.

Kinachoyatoa meno ni maradhi mawili yanayojulikana vizuri, nayo huanza tungali na nguvu zetu. La kwanza ni kuoza kwa jino. La pili, ambalo ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa umri huu, ni ugonjwa wa fizi. Ukoga usiposafishwa hugeuka kuwa ugaga mgumu kama chokaa shinani mwa jino, fizi zikavimba na kutoa damu, kisha mfupa unaolishika jino ukaliwa polepole kwa miaka mingi bila maumivu yoyote, hadi siku jino linapoanza kucheza na mwenyewe akasema, "Nimezeeka." Fizi zikirudi nyuma, mzizi wa jino hubaki wazi, na mzizi hauna lile gamba gumu la nje linalolikinga jino, kwa hiyo huoza upesi. Mwenye kisukari huumwa fizi kwa urahisi zaidi, na fizi zenye ugonjwa nazo humfanya ashindwe kuidhibiti sukari yake. Baadhi ya dawa tunazomeza kila siku, zikiwamo baadhi ya zile za shinikizo la damu, hukausha mate, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Ugoro na sigara huzidisha madhara. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ni umri wenyewe.

Nimelitanguliza suala la afya, lakini Mhariri, nikiwa mkweli, kilichonisukuma kushika kalamu ni suala la sura. Sisi wazee tunaulizwa kuhusu maumivu na hatuulizwi kabisa kuhusu aibu, na ninaamini kwamba wengi wetu tunaumizwa zaidi na aibu.

Mimi nilizaliwa Maji ya Chai. Wageni hudhani jina hilo lilitokana na mgahawa, lakini linatokana na rangi ya maji ya mto wetu. Maji mengi ya kuuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi, kwa kuwa yanapita katika miamba ya volkano, na mtoto anayeyanywa tangu kuzaliwa hadi kufikia umri wa miaka 8 hivi, wakati meno yake ya ukubwani yanajiumba ndani ya taya, huota meno yenye madoa ya kahawia, na yakizidi sana huwa na vishimo na kumeguka. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi ni miligramu 1.5 katika kila lita ya maji, na sisi tulikunywa maji yaliyokizidi kiwango hicho kwa mbali, tena tukayapikia kwa magadi, ambayo nayo yana floraidi. Leo kipo kituo cha utafiti pale Ngurdoto ambacho kimewafundisha watu kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na watoto wa sasa wana nafuu. Sisi wa miaka ya 1950 hatukuwa na mkaa wa mifupa wala habari zake.

Kijijini sikujua kwamba nina meno mabaya, kwa sababu kila mtu alikuwa nayo. Nilijua mwaka 1977 nilipokwenda chuo cha ualimu katika mkoa wa mbali. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa pwani mwenye roho nzuri, alinitazama kwa siku chache, kisha jioni moja akaniletea mkaa uliosagwa pamoja na chumvi katika kikaratasi, akanieleza kwa upole namna ya kusugua. Alidhani sijafundishwa kupiga mswaki. Nilisugua hadi fizi zikatoa damu, na madoa hayakuondoka, kwa kuwa yamo ndani ya jino lenyewe. Tangu mwaka ule nilijifunza kucheka midomo ikiwa imefumba. Katika picha zote za shule nilizofundisha, watoto wanacheka na mwalimu wao amekaza midomo kama mtu aliyeudhika, na wanafunzi wangu wa zamani huniambia kwamba nilikuwa mkali. Sikuwa mkali hivyo.

Naeleza haya kwa sababu mzee haanzi kuyaona meno yake siku anapotimiza miaka 60. Anaingia uzeeni na kioo alichokibeba tangu ujanani. Wenzangu wa huku Meru wengi wamezeeka na aibu mbili, ile ya rangi na hii ya pengo, na ya pili inapowafika huipokea kimyakimya kwa kuwa ya kwanza imekwisha kuwafundisha kufumba mdomo. Nina jirani, mama wa miaka 70 na ushei, ambaye alikwenda kwa daktari wa kinywa na meno akaomba ang'olewe meno yake yote ya mbele, yaliyokuwa mazima na imara ila ya kahawia, ili awekewe meupe ya bandia kabla ya harusi ya mwanawe wa mwisho. Daktari alikataa, na alifanya vema. Lakini tulio karibu naye hatukuwahi kufikiri kwamba mama yule, mcheshi kuliko wote kwenye kikundi chetu, alikuwa amebeba jambo hilo kwa zaidi ya miaka 50.

Lugha yetu yenyewe inajua kwamba tatizo haliko katika nafasi iliyo kati ya meno. Nafasi ya kuzaliwa nayo huitwa mwanya, nayo imesifiwa katika nyimbo za mapenzi na katika vijembe vya harusini. Nafasi iliyoachwa na jino lililoondoka huitwa pengo, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia msibani tukisema marehemu ameacha pengo. Wazee wa Kimaasai, majirani zetu, waliondolewa meno mawili ya mbele ya chini wakiwa wadogo kufuata mila yao, na sijamwona hata mmoja akilifunika pengo hilo kwa mkono, kwa sababu kwao ni alama ya kwamba yeye ni mtu wa watu wake. Kwenye pwani jino la dhahabu lilikuwa pambo la mwanamke mwenye hadhi. Kwa hiyo mzee anayeficha kinywa chake anaficha kile anachoamini kwamba watu wanakisoma pale: kwamba hajitunzi, kwamba hana kitu, kwamba amebakiza siku chache.

Meno yakitoka, uso nao hubadilika. Mfupa wa taya uliokuwa umeshika meno husinyaa kwa kukosa kazi, mashavu yakabonyea, midomo ikaingia ndani, kidevu kikaisogelea pua. Mama alipigwa picha ya kitambulisho miaka michache iliyopita, na nilipomwonyesha kadi aliishika muda mrefu, kisha akauliza kwa nini tumeweka picha ya marehemu bibi yangu. Nilidhani macho yamemchezea, kumbe alikuwa amejiona vizuri sana. Aliitia kadi kwenye mkoba, na hadi leo, ikihitajika mahali, huitoa na kuikabidhi ikiwa imeelekea chini.

Tena kuna suala la kusema, ambalo kwa mtu wa desturi zetu ni zito kuliko picha. Herufi za f, v, th na s zinahitaji meno ya mbele, na asiyekuwa nayo pumzi humponyoka, maneno yakatoka na mluzi, mate nayo yakaruka. Tunaambiana kwamba penye wazee haliharibiki neno. Namfahamu mzee wa kanisa aliyekuwa msomaji wa somo la Jumapili kwa miaka mingi, mwenye sauti ya kutulia, ambaye baada ya kupoteza meno ya juu aliomba apumzishwe kwa kisingizio cha macho. Macho yake ni mazima, anasoma gazeti hili bila miwani. Kwenye vikao vya ukoo siku hizi anakaa nyuma, na akiombwa ushauri hujibu kwa kichwa au kwa neno moja. Anaonekana ana amani na mnyenyekevu, na vijana wanamsifu kwa hilo. Mimi niliyekua naye najua kwamba alipenda sana kuzungumza.

Ndiyo maana siwezi kuukubali mzaha wa kibogoyo. Watoto wetu wanauimba, watu wazima wanautumia kuchekesha ukumbini, na mzee mwenyewe huwa wa kwanza kujitania ili asitaniwe na wengine. Tumeuchukua utani huo wa mzee kuwa ushahidi kwamba hajali. Nimekaa na wazee wakijitania hivyo, kisha nikawaona jioni wakihangaika na kipande cha nyama wakiwa wamegeukia ukutani.

Mama alipokubali hatimaye kwenda kuonyesha kinywa chake, tulifika katika hospitali ambayo sitaitaja. Kwenye dirisha la wazee tulipokewa haraka, na kwa hilo nashukuru, maana Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imetuheshimu sana kwa kututambua, na msamaha wa gharama kwa wazee wasio na uwezo umeokoa maisha ya wengi. Meno mawili yaliyokuwa yakicheza yaling'olewa bila malipo. Nilipouliza habari za meno bandia, niliambiwa kwamba hayamo katika huduma za msamaha na tutapaswa kulipa, na bei tuliyotajiwa ilizidi pensheni yangu ya mwezi. Hilo ningelivumilia. Kisha mtumishi mmoja, akitabasamu, akamwuliza mama, "Bibi, kwani bado unataka kuolewa?" Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mama naye alicheka, mkono ukiwa mdomoni, na tulipotoka nje aliniambia turudi nyumbani, hataki tena.

Nalieleza hili kwa ajili ya yale yaliyomo ndani ya swali hilo, kwa kuwa naamini mtumishi yule hakukusudia ubaya. Mzee akipewa miwani, husikii mtu akimwuliza anataka kumtazama nani. Akipewa mkongojo, haambiwi kwamba anataka kucheza ngoma. Lakini mzee anayetaka meno huonekana kama mtu anayetafuta urembo uliompita, kana kwamba kutafuna, kutamka na kutazamika ni mambo ya vijana. Wazee wenyewe tumeyameza maneno hayo. Wanaume wenzangu watakuambia kwamba sura ni habari ya wanawake, na huku wameachia masharubu yaufunike mdomo wa juu. Wanawake watakutajia methali, "Jino la pembe si dawa ya pengo," na mama yangu aliitamka njiani siku ile ndani ya daladala kwa namna ya kufunga mazungumzo.

Sikubishana na mama siku ile, na methali ina ukweli wake. Meno bandia hayalingani na meno ya kuzaliwa, na anayemwahidi mzee kwamba atatafuna mahindi ya kuchoma kama kijana anamdanganya. Mama alishawishiwa baadaye na mjukuu wake, wala sikuwa mimi, na akatengenezewa meno ya kuvaa na kuvua, ya juu na ya chini. Wiki za kwanza yalimchubua, akayafunga kwenye leso na kuyaweka kabatini. Nilidhani pesa zimepotea. Hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba mtu hurudi mara mbili au tatu ili yarekebishwe na kukaa sawa, kwamba kinywa hujifunza upya kidogo kidogo kwa vyakula laini, kwamba usiku huvuliwa na kulowekwa katika maji safi yasiyo ya moto, na kwamba husuguliwa kila siku kwa mswaki, pamoja na fizi na ulimi. Tuliporudi, yakarekebishwa. Mpaka leo anayavaa zaidi akienda kanisani na akipokea wageni, na chakula kigumu anakivulia. Mwanzoni niliona kama hayamsaidii. Sasa naona kwamba anayatumia kwa lile alilolihitaji zaidi, ambalo hakuna fomu iliyomwuliza. Jumapili ya kwanza aliyokwenda nayo alisimama kutoa salamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, na mkono wake ulikuwa umeshika khanga kifuani badala ya mdomoni.

Wapo wazee wasiotaka. Nina rafiki wa miaka 79 ambaye hana meno, ametulia, anakula ndizi zake za machalari zilizopondwa na kusimulia hadithi kwa sauti kubwa bila haya. Nilimweleza yote ninayoyaandika hapa, akanisikiliza, akasema yeye haoni haja. Huyo ameamua, na namheshimu. Ninaowasemea ni wale ambao hawajaamua lolote, waliojibu "sina tatizo" kwa kuwa hawakujua kwamba kuna la kufanya, au kwa kuwa walijua watachekwa.

Kwa hiyo naomba kwanza swali libadilishwe. Anayemhudumia mzee asiishie kuuliza kama meno yanauma. Amwulize ni chakula gani alikuwa akikipenda na sasa amekiacha, anatafunia upande gani, kinywa chake hukauka usiku au la, ni lini mara ya mwisho alipokubali kupigwa picha na watu. Kisha amwombe afungue kinywa, atazame. Kutazama huko kuna faida nyingine kubwa, kwa sababu saratani ya kinywa nayo huanza bila kuuma, na kidonda au doa lolote lisilopona kwa wiki mbili au tatu linahitaji kuonwa na mtaalamu, hasa kwa mtumiaji wa tumbaku. Mzee asiye na meno hata moja naye atazamwe, maana wengi hudhani kwamba aliyemaliza meno amemalizana na daktari wa meno.

Sisi watoto na wajukuu tunaoishi na wazee tunaweza kuona mengi kabla ya mtaalamu yeyote, kwa kuwa tuko nao mezani. Mzee akianza kuacha nyama, akawa mwepesi wa kusema ameshiba, akapungua uzito bila homa, tutazame kinywa kabla ya kufikiri maradhi makubwa. Tumpe mswaki laini na dawa yenye floraidi kama tunavyompa mtoto, kwani kiasi kidogo cha madini hayo hayo yaliyotudhuru utotoni hulikinga jino la mtu mzima. Mkono unaotetemeka kwa uzee hauwezi kusugua vizuri, kwa hiyo asaidiwe bila kuaibishwa.

Nchi yetu ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha mafao ya wazee nawaomba wayahesabu meno bandia kuwa kiungo cha kumsaidia mtu kuishi, katika daraja moja na mkongojo na miwani, pamoja na safari za kuyarekebisha, maana meno yasiyokaa sawa huishia kabatini kama yalivyoishia ya mama. Kama fedha hazitoshi kwa wote, basi ianzwe na wasio na meno kabisa. Vilevile usafishaji wa ugaga kwa watu wa miaka 40 na 50 uhimizwe kama inavyohimizwa chanjo ya watoto, kwa sababu wazee wa mwaka 2045 ndio hao wanaotokwa na damu kwenye fizi leo na kusema haiumi.

Sisi wastaafu wa huku Usa River tumekubaliana kwamba Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba, pamoja na meza ya kupima shinikizo la damu na sukari ambayo huwa tunaletewa, tutaomba tuletewe tabibu wa kinywa na meno na kiti chake, tena kiwekwe nyuma ya pazia ili mtu aweze kufungua kinywa bila kutazamwa na umati. Barua ya maombi imekwisha kuandikwa. Mama amesema atakuwa wa kwanza kukaa.

Mwalimu mstaafu,
Usa River, Arumeru.